Una Digrii ya Fizikia, Unautaka Uhandisi Mitambo: Uanze Upya, Usome Uzamili, au Uingie Karakana?

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Iringa. Amemaliza chuo cha Mkwawa, ualimu wa fizikia na hisabati, na sasa anajitolea kwenye sekondari moja huku akichungulia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, kila asubuhi kama mtu aliyetega ndege. Akaniambia, "Kaka, kufundisha naweza, ila moyo uko kwenye mashine. Nataka niwe injinia wa mitambo. Nianzie wapi?"

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Kwa simu ningeishia kumsimulia maisha yangu, na maisha yangu yana kona nyingi ambazo yeye hana haja ya kuzipita. Nilimaliza fizikia, nikafundisha miaka miwili, nikaacha chaki nikaingia karakana hapa Mbeya, na baadaye nikarudi mwaka wa kwanza wa uhandisi nikakaa darasa moja na vijana niliowafundisha kidato cha nne. Njia nyingine nimeziona kwa wenzangu. Kwa hiyo ninayoyaandika yana upande, na utauona tu ulipo.

Jina au kazi?

Wengi huanza kwa kuuliza chuo. Mimi ningeanza na swali jingine: unataka kuitwa mhandisi, au unataka kufanya kazi ya mitambo? Hapa kwetu ni vitu viwili, na sheria ndiyo iliyovitenganisha. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 inataka mtu asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hii tunayoiita ERB, kabla hajajiita mhandisi na kufanya kazi kwa jina hilo. Kujiandikia "Eng." kwenye kadi bila usajili ni kosa la kisheria. Na matangazo ya Mhandisi Daraja la II serikalini hukuambia kabisa kwamba anatakiwa aliyesajiliwa.

Ushauri mwingi utakaoukuta mtandaoni umeandikwa na Wamarekani. Kule mwenye digrii ya fizikia anaweza kuajiriwa kiwandani akaitwa injinia wa mitambo tangu siku ya kwanza, kwa sababu leseni yao inadaiwa zaidi kwa anayeuza huduma kwa umma na kugonga muhuri kwenye michoro. Usome kwa faida yako, lakini usiubebe hadi Mafiat hapa Mbeya ukadhani utakutoa.

Kazi ya mitambo isiyo na jina, kwa upande wake, ipo. Kuna kusimamia zamu ya matengenezo, kupanga ratiba za kusimamisha mashine, kupima mitetemo, kuuza na kufunga pampu. Viwanda binafsi vya huku vinaangalia kama mashine itawaka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ukijua unataka kipi kati ya hivyo viwili, nusu ya njia zilizobaki zinajifuta zenyewe.

Kuanza upya au uzamili

Nasema "kuanza upya" kwa makusudi, maana ukisema shahada ya pili watu wanaelewa uzamili.

Kuanza upya ni miaka minne ya shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo. Kwa watu wa huku jina la kwanza mdomoni ni MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga, ambacho wazee bado wanakiita Mbeya Tech kwa sababu kilianza kama chuo cha ufundi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo pia, ila kukaa Dar miaka minne kwa pesa yako mwenyewe ni hadithi nyingine. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kinachokuingiza ni matokeo yako ya kidato cha sita, digrii ya fizikia inakaa pembeni. Ulisoma PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PGM (jiografia badala ya kemia) ukafaulu fizikia na hisabati, uko salama. Ulisoma PCB, yenye biolojia badala ya hisabati, ukaja kuchukua fizikia chuoni, hapo una kazi, maana hisabati ya juu haimo kwenye cheti chako. Kakitoe hicho cheti kabatini ukitazame kabla hujaanza kuota.

Pesa: usipige hesabu ya bumu. Kama Bodi ya Mikopo ilishakusomesha shahada ya kwanza, jiandae kujilipia hii nyingine, na makato ya deni la zamani yanaendelea ukiwa umeajiriwa. Mimi nilisoma nikitengeneza mashine za kukoboa mpunga wikiendi kule Igurusi na Ubaruku, na kuna semista nilikamata sapu mbili, mitihani ya kurudia, kwa sababu ulikuwa msimu wa mavuno.

Ukimaliza, unasajiliwa kama mhandisi mhitimu. Kisha kuna mafunzo kazini ya miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi, mpango uitwao SEAP ambao ERB waliuanzisha mwaka 2003, ndipo uombe usajili wa mhandisi mtaalamu. Nne jumlisha tatu ni saba. Mwenye miaka 24 leo atakuwa na 31. Sisemi ni nyingi, nasema zihesabu.

Uzamili ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Uzamili wa uhandisi mitambo wenyewe kwa kawaida unamtaka mwenye shahada ya uhandisi, lakini ule wa nishati na wa sayansi ya vifaa una mlango mpana zaidi kwa watu wa fizikia. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha inafundisha hayo. Utatoka unajua jambo moja kwa kina: kikaushio cha jua, betri, tabia ya metali fulani kwenye joto. Ukitaka utafiti, kufundisha chuo kikuu, au kwenda kusoma nje, njia hii inaipita ile ya kuanza upya kwa mbali, na itakugharimu nusu ya muda.

Tatizo lake ni usajili. Mwenzangu tuliyesoma naye fizikia alichukua uzamili wa nishati, akafanya vizuri, akaitwa kwenye usaili wa nafasi ya mhandisi kwenye shirika moja. Swali la kwanza: "Namba yako ya ERB?" Hakuwa nayo, kwa sababu msingi wa usajili ni shahada ya uhandisi inayotambuliwa, na uzamili uliojengwa juu ya fizikia haukumpa msingi huo. Usaili uliisha kabla chai haijapoa. Leo ana kazi nzuri kwenye miradi ya umeme jua vijijini na wala hajuti, lakini anasema angeuliza kabla ya kulipa ada. Kwa hiyo uliza. Iandikie ERB barua, utaje shahada uliyonayo na programu unayotaka kwa jina lake kamili, usubiri jibu la maandishi. Maneno ya mtu wa dirishani, awe wa chuo au wa ofisi yoyote, hayatakusaidia miaka miwili baadaye.

Stashahada na VETA

Hapa sitakaa sana. Stashahada ya uhandisi mitambo ni miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6 za NTA, yaani za tuzo za ufundi, na inakupeleka kuwa fundi sanifu. Mwenye digrii anaiona kama kushuka ngazi. Hesabu yangu ni nyepesi: kama unaweza kukaa darasani miaka mitatu, ongeza mmoja uchukue shahada. Stashahada ina maana pale tu cheti cha kidato cha sita kinapokukatalia, kwa sababu aliyefaulu vizuri stashahada anaweza kupanda hadi shahada kwa mlango huo.

VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, ni habari tofauti. Kozi fupi ya kuchomelea au ya mashine za kuchonga, ya miezi michache, ni pesa ndogo iliyotumika vizuri hata kwa mtu anayekusudia kuanza upya baadaye. Mimi sikwenda, nikajifunza kuchomelea kwa kuunguza shati.

Karakana, na mahali ambapo fizikia inakuangusha

Nilipoacha kufundisha niliingia karakana moja maeneo ya Sido. Mchonga vyuma wa pale alikuwa Mnyakyusa wa makamo, mtu asiyepandisha sauti. Wiki ya pili tuliletewa pampu iliyoharibika shafti, yaani mhimili wake unaozunguka, nikapewa kazi ya kupima. Nikachukua venia, kile kipimo cha vipenyo, nikapima, nikaandika kwenye karatasi: kipenyo milimita 40. Nikampelekea nikiwa najiamini kabisa; mtu wa digrii ya fizikia atashindwaje kupima nondo?

Akaitazama karatasi. "Mwalimu, arobaini hii ni ya kuingia kwa mkono au ya kugonga?"

Sikuelewa. Arobaini ni arobaini. Akaniokotea beringi, akanionyesha namba iliyopigwa ubavuni: 6208. "Hizi mbili za mwisho zidisha kwa tano. Arobaini. Hilo ni tundu lake. Sasa shafti ikiwa arobaini ile ile, ringi ya ndani itateleza, itakula shafti, tutakutana tena mwezi ujao. Inatakiwa inenepe kidogo. Ikinenepa sana, inabana gololi, inachemka." Kidogo kiasi gani? Kwenye majedwali, nilikuja kukuta baadaye, shafti ya 40 ya beringi ya namna hiyo huagizwa izidi kwa mikromita, yaani sehemu za elfu za milimita, 2 hadi 18. Unywele wa mtu una kama 70. Yeye alikuwa haijui namba ya jedwali, lakini kipimo chake kilikuwa kinaishia humo humo.

Pale ndipo nilipoona kitu ambacho digrii yangu haikunipa. Kwenye maabara ya fizikia unapima, kisha unaripoti kosa lako: jumlisha au toa kiasi fulani. Kwenye uhandisi kosa unaliagiza kabla. Unamwambia mchongaji akosee kiasi gani na kuelekea upande gani, na kila mikromita unayombana ina bei yake. Ukiongeza hapo uchovu wa metali, uchaguzi wa bolti na gia, namna ya kuchora mchoro ambao mtu mwingine ataujenga bila kukupigia simu, una orodha nzima ya vitu ambavyo mwanafizikia hana. Joto, nguvu, mtiririko wa maji, hesabu, hivyo unavyo tayari, na mara nyingi kuliko huyo kijana wa mwaka wa tatu.

Na mahali ambapo inakubeba

Pampu ile ile ilirudi baada ya majuma sita. Shafti ilikuwa nzima, lakini impela, gurudumu lake la kusukumia maji, ilikuwa imeliwa kama ubao wa mchwa, na mwenye nayo alisema ikiwashwa inalia kama inatafuna kokoto. Ilikuwa mara ya tatu kuharibika. Alikuwa ameinunua Dar, ambako ilifanya kazi miaka miwili bila kelele, akaileta Mbeya, akaijengea msingi mrefu wa zege ili matope ya masika yasiifikie.

Nikachana mfuko wa saruji nikaandika juu yake. Usawa wa bahari, hewa inaweza kusukuma maji juu mita 10.3. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na uwezo huo unashuka hadi kama mita 8.4. (Ndiyo sababu maharage ya huku yanakesha jikoni, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi.) Kutoka kwenye maji hadi pampu kulikuwa na mita 4.5. Bomba jembamba la kufyonzea na valvu yake vilikula kama 0.8, mvuke wa maji 0.2. Zilizobaki: 2.9. Kitabu cha pampu kilitaka zisipungue 3.5. Kwa vipimo vilevile Dar ingebakiwa na 4.8. Kwa hiyo pampu ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa inachemsha maji baridi ndani ya tumbo lake, na mapovu yakipasuka ndiyo yaliyotafuna impela. Mafundi huita kavitesheni.

Tukavunja msingi, tukaushusha kwa mita moja, tukaweka bomba pana zaidi na ukuta mdogo wa kuzuia matope. Kelele ikaisha siku hiyo hiyo. Mchongaji wangu alisikiliza muda mrefu, sikio karibu na pampu, kisha akasema, "Ndaga, mwalimu," yaani asante kwa Kinyakyusa. Ninaikumbuka kuliko siku ya mahafali.

Lakini tazama nani alifanya nini. Hesabu ilikuwa yangu. Kuiweka upya pampu ikae sawa na mota, kwa dayo geji, kipimo chenye mshale, na vipande vya shimu, vibati vyembamba vya kuinulia, hadi mpishano ukawa chini ya sehemu tano za mia za milimita, hilo nilisimama nikashika tochi.

Karakana, basi, ina faida ambayo hakuna chuo kitakupa, na haina ada. Hasara yake: utalipwa kidogo mwanzoni, wakati mwingine chai na nauli, na hakuna karatasi inayotoka pale. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, ambao utakupa cheti cha fundi. Cheti cha mhandisi hakitokei huko. Usikae zaidi ya miaka miwili bila kuamua unaelekea wapi, maana pesa za mpunga ni tamu na msimu hufuata msimu.

Mlango wa pembeni: kupima

Kama ningekuwa na miaka 24 leo, hapa ningetazama kwa makini kuliko nilivyotazama. Kuna kazi za mitambo ambazo kiini chake ni fizikia tupu. Moja ni kupima weldi na metali bila kuivunja, kwa mawimbi ya sauti au kwa eksirei. Vyeti vyake vina ngazi tatu za kimataifa chini ya kiwango cha ISO 9712, na aliyeelewa mawimbi chuoni anaanza akiwa mbele.

Ya pili ni kupima mitetemo, na hii ndiyo inayonilisha siku hizi. Mota inazunguka mara 1,470 kwa dakika, yaani 24.5 kwa sekunde. Beringi yake ni ile ile 6208, ina gololi tisa. Ukiweka kipimo juu ya nyumba ya beringi ukaona kilele kinajitokeza karibu na mara 88 kwa sekunde, ringi ya nje imeanza kuchubuka, hata kama kwa sikio bado inaimba vizuri. Unaandika: ibadilishwe kwenye usimamishaji ujao. Fundi anafungua, anakuta mchubuko mdogo kama punje ya ulezi. Ukishafanya hivyo mara tatu, hakuna anayekuuliza ulisoma nini. Kozi zake ni za siku chache na ni ghali, ila muda wake ni mfupi kuliko njia zote nilizotaja.

Udhaifu wake ni soko. Mtu wa mitetemo anahitaji mashine kubwa, nyingi, zinazogharimu zikisimama.

Nani anaajiri huku

Huku zipo, kwa bahati. Saruji ya Songwe ina vinu na tanuru visivyolala. Mgololo wapo na karatasi, Mufindi na Rungwe kuna viwanda vya chai, Mafinga mashine za mbao kila kona. Mbeya mjini kuna bia na soda. Reli ya TAZARA ina karakana yake, bomba la mafuta la TAZAMA lina vituo vya pampu, Chunya kuna makarasha ya kusagia mawe na vinu vya dhahabu. Kwenye umeme kuna Mtera, megawati 80, na Kihansi, megawati 180 kwa mitambo mitatu ya Pelton inayopigwa na maji yaliyoshuka zaidi ya mita 850. Mwanafizikia ataona uzito mara kimo na kukuambia kwamba mita za ujazo 24 hivi kwa sekunde zinatosha. Mhandisi wa pale anahangaika na mchanga unaokwangua vikombe vya gurudumu. Ukiona swali la pili linakuvutia kuliko la kwanza, uko kwenye njia yako.

Taasisi za serikali na mashirika ya umma katika orodha hiyo watataka namba ya ERB kwa nafasi ya mhandisi. Chai, mbao na dhahabu ya wachimbaji wadogo mara nyingi watataka uiwashe mashine kwanza.

Nilichomwandikia

Cheti chake ni PCM, hisabati amefaulu. Ana miaka 24, hana mke, na mama mdogo ana shamba la miti Mufindi linalokaribia kuvunwa. Kwake nilisema aanze upya, lakini asiombe mwaka huu. Aje kwanza karakana miezi kumi, ashike mashine mikononi, ajue kama anaipenda au anapenda picha zake. Angekuwa na miaka 35 na watoto watatu, na ajira ya ualimu ya ngazi ya mshahara TGTS D mkononi, ningemwambia abaki kazini, asome kozi ya mitetemo likizo kwa likizo, na jina la mhandisi aliache lilivyo. Na angekuwa yule aliyekuwa akibaki maabara baada ya wenzake kuondoka, ningemtuma Arusha.

Alinijibu kwa swali moja tu: "Karakana wanalipa, kaka?" Nikamwambia chai na nauli, na aje na viatu vya ngozi vyenye chuma mbele, kwa sababu vile vya kwake vya darasani shafti ikividondokea haiulizi ulipata GPA ngapi.